Kusafisha TCE katika maji ya ardhini kwenye kiwanda cha kijeshi

Karakana za jeshi, hasa za ndege, zilitumia trikloroethilini (TCE) kwa miaka mingi kuondoa grisi kwenye vipuri, na mabaki yakamwagwa shimoni. Lita 1 ya TCE ina uzito wa kilo 1.46, kwa hiyo haielei kama dizeli. Huzama hadi ikutane na udongo wa mfinyanzi, kisha hufuata mteremko wa tabaka hilo hata kama maji yanaelekea kwingine. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Piga hesabu: lita 1 inatosha kuharibu maji zaidi ya lita milioni 290.

Ndiyo maana unaanza na chimbuko, yaani mahali TCE ilipomwagwa na kukusanyika; pampu ya kuvuta maji machafu ni baadaye. Kusanya ramani za zamani za mabomba, matangi na mashimo ya taka. Kabla ya kutoboa, pitisha kipima-sumaku, kwani huenda kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Usitoboe tabaka la mfinyanzi chini ya chimbuko, maana utaifungulia TCE njia ya kushukia kwenye maji safi. Sampuli ikivuka mikrogramu 11,000 kwa lita, yaani takriban 1% ya kiasi kinachoweza kuyeyuka majini, chimbuko liko karibu.

Sampuli ndizo huharibu miradi mingi, kwa sababu TCE huvukiza haraka. Vuta polepole, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, mpaka pH, joto na upitishaji wa umeme vitulie. Jaza kichupa cha mililita 40 chenye asidi kidogo hadi maji yavimbe mdomoni, funga, geuza juu chini, kisha kigonge kwa kidole. Ukiona kiputo, tupa uchukue kingine. Hifadhi kwenye nyuzi 4, na maabara ikipime ndani ya siku 14.

Maji yanayovutwa hupitishwa kwenye mnara wa kupuliziwa hewa au matangi mawili yaliyofuatana ya mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kunasa kemikali. Pima katikati ya matangi hayo: TCE ikianza kutokea hapo, badilisha mkaa wa tangi la kwanza, kisha tangi la pili liwe la kwanza. Madini ya chuma yakiwa mengi, mnara hujaa kutu ya rangi ya chungwa, kwa hiyo yatoe kwanza. Kloridi ya vinili, sumu inayotokea TCE ikivunjwa na bakteria, haishikwi vizuri na mkaa; ikiwepo, tumia hewa.

Pampu hushusha vipimo upesi, kisha ukiizima vinapanda tena. Mfinyanzi ulioinyonya TCE kwa miongo huitema polepole, na pampu haina la kufanya hapo. Chimbuko lishughulikiwe kwa pamanganeti ya potasiamu: hesabu ya kemia ni gramu 2.4 kwa kila gramu 1 ya TCE, ila udongo wenyewe nao hula nyingi, mara nyingine zaidi ya TCE. Pima udongo maabara kabla ya kuagiza. Pamanganeti isiguse mafuta wala gliserini, inaweza kuwasha moto.

Njia nyingine ni kulisha bakteria wanaovunja TCE kwa mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji. Wasipokuwepo Dehalococcoides, bakteria wanaoweza kuimaliza kazi hiyo, TCE huvunjwa nusu tu; na hata wakiwepo, wasio wa aina ifaayo wanaweza kukwama kwenye kloridi ya vinili, ambayo kikomo chake Marekani ni mikrogramu 2 tu kwa lita. Pima bakteria hao kabla ya kumwaga mafuta.