Kutazama ndege Julai na Agosti, misitu inaponyamaza

Mwisho wa majira ya joto katika nchi za kaskazini, msitu hunyamaza na wengi huweka darubini kabatini. Ndege bado wapo. Msimu wa kuzaa umekwisha, dume hana tena eneo la kulinda kwa wimbo, na manyoya yaliyochakaa yanapukutika ili mapya yaote. Ndege asiye na mbawa kamili haruki vizuri, hivyo hujificha. Bata mwitu wengi hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja na hukaa wiki tatu au nne bila kuweza kuruka. Wakati huo madume hufanana na majike. Kwa bata mwitu wa kawaida mwenye kichwa cha kijani, angalia mdomo: wa dume hubaki na rangi ya manjano, wa jike ni wa machungwa wenye mabaka meusi.

Anza alfajiri, umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha.

Msituni usitembee sana. Keti dakika 20 karibu na maji au kichaka chenye matunda na usikilize milio mifupi inayorudiwarudiwa: ni makinda yanayoomba chakula, huku yakitetemesha mbawa. Hapa ndipo wageni hukosea. Kinda la robini, ndege mdogo wa Ulaya ambaye akikomaa kifua huwa chekundu, halina kifua hicho, lina madoadoa ya kahawia, na mtu huandika kwamba ameona ndege mpya. Kabla ya kuandika hivyo, subiri uone ni mzazi gani anayemlisha.

Lakini asubuhi zako nyingi zipeleke kwenye matope, maana huko msimu umekwishachangamka. Vitwitwi, ndege wanaotafuta chakula ukingoni mwa maji, waliozaa Aktiki huanza kurudi kusini tangu Julai. Kwa aina nyingi waliokomaa hutangulia, na watoto wa mwaka huo huwafuata wiki kadhaa baadaye. Pwani, fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa: maji yanapopanda huwasukuma ndege kuelekea ulipo. Bara, tafuta bwawa linalokauka, lenye ukingo wa tope laini. Jua liwe mgongoni mwako, la sivyo utaona vivuli tu.

Tazama manyoya ya mgongo kwanza, rangi baadaye. Mtoto ana manyoya mapya yaliyopangika kama magamba ya samaki, yenye kingo nyeupe au za hudhurungi. Aliyekomaa amechakaa, kingo zimelika, na mabaka ya rangi ya kuzalia yamebaki hapa na pale. Ukishajua umri, kutambua aina kunakuwa rahisi zaidi. Kisha linganisha urefu wa mdomo na urefu wa kichwa, rangi ya miguu, na namna anavyokula: anadonoa juu ya tope au anachoma ndani?

Joto likipanda, hewa juu ya tope hucheza na picha hutetemeka. Kuongeza ukuzaji huzidisha tatizo. Upunguze, kama darubini yako inaruhusu, au usogee karibu taratibu. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, rudi nyuma. Wanahitaji mafuta ya safari.

Jioni, mbayuwayu hukusanyika kulala kwenye matete. Usiwahesabu mmoja mmoja: hesabu kumi, ona wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa kipimo hicho.