Aivi kwenye joto la Dar: ianzishe wakati wa kusi, ipunguzie maji

Ukiulizia aivi, ua la majani linalotambaa, kwenye vitalu vya maua kando ya Barabara ya Bagamoyo, usishangae ukipewa mmea mwingine. Kila kitambaacho huuzwa kwa jina hilo. Kagua jani kabla hujatoa hela. Jani la aivi halisi ni dogo, gumu kiasi, lina ncha tatu hadi tano kama kiganja kilichokunjuliwa, na shina lake huota vijizizi vifupi vya kushikia. Likiwa na umbo la moyo na linang'aa, huenda hiyo ni pothosi. Kusema kweli, anayeanza aichukue hiyo hiyo pothosi, haina makuu.

Aivi, Hedera helix, kwao ni Ulaya na magharibi mwa Asia, na joto inalolipenda ni nyuzi 10 hadi 20. Sisi Februari tunafika 32. Kwa hiyo inunue mwezi wa Juni, kusi likivuma, ipate miezi kadhaa ya kujijenga kabla kaskazi halijaingia. Zinazonunuliwa Desemba kupambia sikukuu, nyingi haziioni Pasaka.

Iweke karibu na dirisha la mashariki lenye pazia jepesi, au barazani penye kivuli na upepo. Yenye mabaka meupe inahitaji mwanga zaidi, la sivyo hugeuka kijani tupu. Chumba chenye kiyoyozi kinafaa, ila isikae mbele ya mdomo wake, maana hewa kavu huita utitiri mwekundu.

Kinachoiua hasa ni maji. Tukitokwa jasho sisi, tunadhani na mmea una kiu! Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Ukikuta unyevu, iache. Chungu kiwe na matundu chini, na maji yanayobaki kwenye sahani yamwagwe. Majani yakiwa ya njano huku udongo umelowa, mizizi inaoza, na kuongeza maji ni kuimaliza.

Halafu kuna chumvi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, nayo hukausha ncha za majani. Tumia maji ya bomba, au kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli. Mchanga wa baharini usiuguse kwa sababu hiyo hiyo. Changanya sehemu mbili za udongo tifutifu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mto.

Ukiona vidoa vyeupe juu ya jani na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri. Oshea majani bafuni pande zote mbili, kisha nyunyiza kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, ukirudia kila wiki kwa wiki tatu.

Unapopogoa vaa glavu, utomvu huwasha ngozi. Majani yana sumu yakiliwa, hivyo itundike juu, mbali na watoto na paka.

Matawi uliyokata usiyatupe. Chukua vipande vya sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, tumbukiza vifundo kwenye glasi ya maji. Badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili, mbu wa dengi hawangoji mwaliko. Baada ya wiki tatu au nne mizizi ikionekana, hamishia chunguni.