Kumimina chubwi za wavu wa sambaza

Hapa Bukavu chubwi zangu, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha wavu wa sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), namimina mwenyewe, uani, mbali na watoto. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, kwa hiyo sufuria ninayoyeyushia haipikii chakula tena kamwe. Betri za gari sivunji kutafuta risasi, hata nikipewa bure. Nayeyusha chubwi kuukuu tu.

Kabla ya kumimina, kalibu naipasha juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka ikauke kabisa. Msifanye haraka hapo, ndugu zangu! Mara moja tone la maji lilibaki ndani, risasi ikanirukia mkononi; kovu ninalo. Halafu naifukiza kwa mshumaa hadi iwe nyeusi tii, pamoja na spoki ya baiskeli inayoacha tundu katikati. Bila masizi, spoki haichomoki.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Naondoa taka za juu, namimina kwa mkupuo mmoja.

Kipimo changu ni bamba la chuma lenye tundu la milimita 12. Chubwi isiyopita naipunguza kwa tupa iliyolowa, vumbi lisiruke. Midomo ya tundu la chubwi nailainisha iwe mviringo vizuri, maana ncha kali hukata kamba usiku, wavu ukiwa umejaa. Mwisho napaka nta, kamba iteleze, kisha naosha mikono kwa sabuni.