Kagua tukio moja kabla ya kuamini tawasifu

Nimelijua hili juzi nikiwa katikati ya tawasifu moja. Kabla hujaamini kitabu kinachodai kusimulia mambo ya kweli, chagua tukio moja kubwa ambalo lazima liliacha alama nje ya kitabu: kifungo, kesi, ajali, cheo. Litafute kwenye magazeti ya wakati huo au nyaraka za mahakama. Anayetia chumvi huizidisha penye msisimko, na hapo ndipo watu wengine nao huwa wameandika. James Frey wa Marekani alisimulia katika kitabu chake kwamba alikaa jela karibu miezi mitatu. Mwaka 2006 ikabainika zilikuwa saa chache tu. Njia hii haifai kwa mazungumzo ya nyumbani wala siri za moyo, maana hayana shahidi wa maandishi. Tarehe iliyokosewa kidogo nayo usiiite uongo, kumbukumbu huteleza. Riwaya usiipime hivi kabisa. Haikukuahidi kwamba mambo yalitokea, na mimi huisoma nikitafuta ukweli wa tabia za watu, ambao hauko kwenye nyaraka yoyote.