Jinsi ya Kuupata na Kuuhudhuria Mkutano wa Kwanza wa Kuacha Pombe Nairobi

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Nairobi nimewaona watu wenye nia ya dhati ya kuacha pombe wakikosa kufika mkutanoni kwa sababu hakuna aliyewaeleza namna ya kwenda, mambo yanavyoendeshwa humo ndani, na jinsi ya kurudi nyumbani bila kupitia baa. Nitayaeleza hayo kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni kujua kama ni salama kwako kuacha ghafla. Iwapo unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka hadi utoe loki, yaani unywe pombe kidogo ya kutuliza mwili, ndipo uweze kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, mwili wako umeitegemea pombe kiasi kwamba kuikatiza mara moja kunaweza kuleta degedege katika siku mbili za mwanzo, kisha homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo huua. Mwone daktari kwanza. Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, hutibu uraibu, na kituo cha afya cha mtaani kwako kinaweza kukuelekeza panapofaa. Ninawasihi jamaa wasimfungie mtu chumbani “mpaka pombe imtoke”. Akianza degedege au kuweweseka, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.

Hatua ya pili ni kutafuta mkutano. Ushirika unaojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ulioanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa dalali wa hisa, na daktari Bob Smith, wote wawili wakiwa wamelemewa na pombe, walipotambua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwasaidia kukaa bila kunywa. Makundi yake yapo Nairobi, na ratiba hutolewa na ushirika wenyewe kwenye intaneti. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, uzungumze na mshauri. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, lakini kundi halifungamani na kanisa lolote, kwa hiyo Muislamu, Mkristo na asiye na dini wote huketi pamoja.

Usiondoke nyumbani kabla ya kuthibitisha kwa simu, kwa kuwa ratiba hubadilika. Uliza ni lango lipi linalotumika, ni lugha gani inayozungumzwa, na kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Ule wa wazi humruhusu dada yako au rafiki akusindikize. Wa faragha ni wa wenye tatizo pekee. Familia zina ushirika wao, Al-Anon.

Hatua ya tatu ni kupanga njia, na hapa ndipo ningependa utulie. Mkutano wa jioni huisha wakati baa zinajaa. Mtu anayeshuka kituo cha Kencom katikati ya jiji akitoka Upper Hill, kisha akakata jiji kwa miguu hadi barabara ya Tom Mboya kupanda matatu ya nyumbani, hupita milango mingi yenye muziki na wenzake wa zamani, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi huipita akiwa na mshahara mfukoni. Chagua mkutano ambao gari lake halikulazimishi kupita hapo, hata ukigharimu nauli zaidi. Beba nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kiasi kidogo cha ziada. Pesa zilizo kwenye simu mwachie mtu unayemwamini kwa jioni hiyo. Kula kabla ya kwenda, kwa maana njaa na hamu ya pombe huandamana. Ukihofia kuonwa na majirani, nenda mtaa mwingine.

Hatua ya nne ni kuingia. Fika mapema kidogo, umwambie anayepanga viti kwamba ni mara yako ya kwanza. Hakuna ada, hakuna fomu, wala hutaulizwa jina la ukoo. Sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa. Mwenyekiti hufungua kwa masomo mafupi, kisha mmoja baada ya mwingine husimulia yaliyompata, na hakuna anayemkatiza mwenzake au kumpa ushauri hapo hapo. Zamu yako ikifika unaweza kusema jina lako la kwanza tu, au kusema kwamba leo umekuja kusikiliza. Kapu la mchango likipita, lipitishe bila haya. Unayoyasikia humo yaache humo.

Baada ya kufunga, watu hubaki wakizungumza. Baki. Omba nambari za simu za watu wawili au watatu, na kwa desturi mwanamke huomba za wanawake, mwanamume za wanaume. Baadaye mmoja wao anaweza kuwa mdhamini wako, yaani mwenzako mwenye uzoefu atakayekuongoza katika Hatua Kumi na Mbili, mpango wa ushirika huo wa kuishi bila pombe. Mpigie mmoja kesho yake, ukiwa hata huna shida, ili siku hamu itakapokujia saa mbili usiku simu hiyo isiwe ngumu kupiga.

Kundi la kwanza lisipokufaa, jaribu jingine kabla ya kuamua. Ukinywa katikati ya wiki, nenda mkutano unaofuata vilevile, useme au unyamaze. Kiti chako hakichukuliwi kwa sababu hiyo.