Kuhamia toleo jipya la programu ya kurekodi kwenye kompyuta ya zamani: somo kwa studio za nyumbani

Assalaam alaykum wanachama. Tokea Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali limekuwa hilo hilo, Mwanakwerekwe hadi Jang'ombe: "Maalim, na mimi nipandishe toleo la programu yangu ya kurekodi?" Jawabu langu ni kwamba mashine ya zamani haitaki toleo la mwisho, inataka toleo inaloliweza. Na kazi za zamani ziwe salama kabla hujagusa kitu.

Somo hili ni la Windows, kwa laptopu za mitumba za miaka kumi na zaidi, ambazo ndizo tulizonazo wengi wetu. Windows 11 isahau: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ziko njia za kuilazimisha iingie, lakini mashine unayopokelea pesa za watu si ya kufanyia majaribio.

Hatua ya 1: Toa kila traki iwe WAV

Hapa ndipo pa kutumia muda. Faili la mradi mara nyingi halina sauti ndani yake, lina maelekezo tu: kipande gani kinaanza wapi, plagini (kiprogramu cha ziada cha kutengenezea sauti) gani imewekwa, volyumu kiasi gani. Programu ikibadilika, maelekezo hayo yanaweza yasisomeke. Kwa hiyo fungua kila wimbo kwenye programu ya zamani, maadam bado inawaka, utoe kila traki (sauti ya ala moja au mwimbaji mmoja) peke yake iwe faili la WAV, ambalo sauti yenyewe imo ndani. Zote zianzie sekunde sifuri, hata kama fidla inaingia dakika ya tatu. Ukifanya hivyo, siku yoyote na kwenye programu yoyote, ukiziburuta ndani zinajipanga zenyewe.

Toa mara mbili: kavu bila plagini, na nyengine pamoja na plagini zake. Majina yawe ya kueleweka, "qanuni", "fidla 1", "waitikiaji". Ukiacha "Audio 07", mwakani utasikiliza traki moja moja kuitafuta dumbak. Kasi ya wimbo iandike kwenye faili la maandishi, uliweke folda hilo hilo.

Hesabu ya nafasi: traki moja ya mono, biti 24, 44,100 Hz, inakula karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa taarab wa dakika 12 wenye traki 16 unafika GB 1.5, na hiyo ni seti moja. Flashi hazitoshi, tafuta diski ya nje, na nakala ya pili ikae nyumba nyengine. Vikundi vyetu mnavijua: leo pamoja, kesho vimegawika viwili, na kila upande utakuja kuulizia traki zake.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako

Bofya kulia kwenye "This PC", halafu "Properties". Tazama mambo mawili, RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) na kama Windows ni ya biti 32 au 64. Ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata ukimpa fundi pesa akakuwekea 8.

Hatua ya 3: Chuma kabla ya programu

Nikipewa hiari baina ya programu mpya na diski ya SSD, ile isiyozunguka, nachukua SSD. Diski ya kuzunguka iliyozeeka inaweza kuchoka kusoma traki nyingi kwa pamoja, na hapo ndipo sauti inapoanza kukatakata ukadhani programu ni mbovu. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia pale pale ilipokuwa diski ya zamani katika laptopu nyingi. RAM ukienda kununua Darajani, nenda na ile ya zamani mkononi: DDR3 na DDR4 haziingiliani.

Na feni isafishwe. Vumbi letu limechanganyika na hewa ya bahari, linaganda kama ukoko. Mashine ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na hakuna programu ya kutibu hilo.

Hatua ya 4: Weka jipya ubavuni mwa la zamani

Usifute la zamani. Programu ya kurekodi ya Reaper inarahisisha sana: faili la kuiweka halifiki MB 50, kwa hiyo bando halikuishii, na wakati wa kuiweka kuna pa kuchagua "Portable install", ikakaa kwenye folda yake bila kuigusa ile uliyonayo. Unaijaribu siku 60. FL Studio nayo ukishainunua, matoleo yanayofuata huyalipii tena.

Mradi wa zamani ukiufungua kwenye toleo jipya, uhifadhi kwa jina jengine papo hapo. Ukihifadhi juu ya ule ule, la zamani linaweza likaukataa.

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usianze kazi hii siku ambayo umeme unacheza. Waliozoea krak, programu zilizovunjwa leseni, nao wajue kwamba nusu ya "programu imeharibika" ninazoletewa ni krak iliyokufa baada ya kusasishwa.

Hatua ya 5: Draiva na bafa

Chukua draiva ya ASIO (inayoiunganisha saundi kadi na programu bila sauti kuchelewa sana) ya saundi kadi yako kutoka kwa walioitengeneza. Kisha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukipitisha: wakati wa kurekodi weka 128 au 256, wakati wa kumiksi panda 1024. Sauti ikikwaruza, "frizi" traki zenye plagini nzito, yaani zigeuze ziwe sauti tupu ili plagini zipumzike.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete: Maalim, mimi narekodi kasida za madrasa tu. Laptopu ina RAM GB 2 na Audacity 2. Nihamie 3?*

Huna haja, ndugu yangu. Kwa maiki moja au mbili, hiyo inakutosha. Ukihama, jua kwamba tangu toleo 3.0 la mwaka 2021 mradi unakaa ndani ya faili moja la .aup3, na Audacity 2 hailifungui. Miradi yako ya sasa ina faili dogo la .aup pamoja na folda lenye jina hilo na "_data" mwishoni. Sauti imo ndani ya folda. Wengi hunakili .aup peke yake, wakifika mjini wana jina la kasida bila kasida.

*Kutoka Jang'ombe: Nimepanda Cubase mpya, plagini zangu nusu hazionekani.*

Hizo yaelekea ni za biti 32. Cubase iliacha kuzisoma tangu toleo la 9, mwaka 2016. Tafuta za biti 64 kwa watengenezaji wake. Zisipokuwepo, rudi toleo la zamani utoe traki hizo na plagini zake. Reaper ya biti 64 bado inazibeba nyingi. Na ule ufunguo wako wa USB wa Cubase ya zamani usiuazime mtu, ukipotea ndiyo basi: huduma ya eLicenser, iliyokuwa ikisimamia leseni za funguo hizo, ilifungwa Mei 2025.

*Kutoka Chake Chake: Mimi ni mwimbaji. Tokea kijana wetu abadilishe programu, nikiimba Rast, ile maqamu ya Kiarabu, sauti yangu inapindishwa, si yangu tena.*

Bi, sikio lako halijakosea. Plagini ya kunyoosha sauti imerudi kwenye mpangilio wake wa mwanzo, nusu toni 12 za kinanda. Daraja ya tatu ya Rast inakaa katikati ya nusu toni mbili, basi plagini inaivuta juu au chini kwa nguvu. Mwambie aizime kabisa, au kwenye noti hiyo aiambie ipite bila kugusa. Kama ana traki yako kavu, wimbo hauna haja ya kurudiwa.

*Kutoka Makunduchi: Napiga udi, lakini kwenye hedifoni najisikia kwa kuchelewa.*

Bafa iko juu. Kwa 44,100 Hz, 1024 ni karibu milisekunde 23 kwa kwenda tu, 256 ni kama 6. Saundi kadi yako ikiwa na kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kibonyeze, uzime na sauti ya traki hiyo ndani ya programu. Vyenginevyo utasikia maudi mawili.

*Kutoka Kikwajuni: Saundi kadi yangu haina draiva ya Windows 10.*

Jaribu ASIO4ALL, ni ya bure. Ikigoma, hiyo kadi ibaki na mashine yake ya zamani.