Kitovu cha Fezi cha Antena: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Mwinuko kwa Setilaiti

Mpimaji anayetaka kuunganisha bikoni (alama ya kudumu ya upimaji) iliyoko Likoni na mtambo wa kupimia kujaa na kupwa kwa maji pale Kilindini anatafuta mwinuko wa kiwango cha milimita, kwa kuwa usawa wa bahari duniani hupanda kwa milimita tatu na ushei tu kwa mwaka. Katika kazi ya namna hiyo kosa la sentimita mbili hulingana na mabadiliko ya bahari ya takriban miaka sita. Kwa uzoefu wangu, sentimita hizo mbili mara nyingi hazipotei uwandani. Hupotea ofisini, gari likiwa bado halijawashwa, pale mtu anapochagua jina la antena ya kupokelea mawimbi ya setilaiti kwenye programu ya hesabu bila kulihakiki.

Ieleweke kwanza kwamba antena haipokei mawimbi mahali unapoweza kupagusa kwa kidole. Vipimo vya fezi, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake, hurejea kwenye nukta ya kielektroniki iitwayo kitovu cha fezi, ilhali futikamba yetu hufika kwenye nukta rejea ya antena, ambayo kwa kawaida ni uso wa chini kabisa, pale antena inapokalia skrubu yake. Umbali kati ya nukta hizo ndio mwachano wa kitovu cha fezi, na kila masafa yana mwachano wake. Kwa antena ya pete iitwayo AOAD/M_T, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kigezo cha kulinganishia nyingine, kitovu cha masafa ya GPS yaitwayo L1 (megahezi 1575.42) kiko takriban sentimita 9 juu ya nukta rejea, na cha L2 (megahezi 1227.60) takriban sentimita 12. Tena kitovu hicho hakitulii: husogea kwa milimita kadhaa kutegemea kama setilaiti iko utosini au imeinama karibu na upeo wa macho. Ndiyo maana jedwali la urekebishaji lina sehemu mbili, yaani mwachano wa wastani na mabadiliko ya kila pembe, na sehemu hizo hazitenganishwi. Anayechukua mwachano kutoka jedwali moja na mabadiliko kutoka jingine amejitungia antena isiyokuwepo.

Kabla ya kutoka, basi, geuza antena juu chini usome jina lililo kwenye chuma chenyewe, wala usitosheke na lile lililobandikwa kwenye sanduku. Katika mafaili ya kimataifa jina hilo huandikwa kwa nafasi 20, na nne za mwisho ni za kifuniko. Kama hakuna kifuniko, huandikwa NONE. Kifuniko ni plastiki tu machoni petu, lakini mawimbi hupindika kidogo yanapokipenya, na mwinuko hubadilika kwa milimita kadhaa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu limeniuma. Tuliwahi kukodisha antena ya pili kwa ajili ya mstari mfupi wa ng'ambo ya kivuko. Sanduku lilikuwa na jina moja, antena iliyokuwa ndani ilikuwa ya aina nyingine, nami nikaliandika daftarini jina la sanduku. Mwinuko ulipolinganishwa na ule wa pimamaji ulitofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili, na tulitumia siku tatu kushuku jioidi (umbo la usawa wa bahari linalotumika kama msingi wa mwinuko), kushuku bikoni, na hata kumshuku kijana aliyeshika utepe, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Jambo la pili ni faili la urekebishaji. Huduma ya kimataifa ya IGS, inayotoa data za setilaiti za kupimia mahali, hutoa faili la majedwali ya antena la muundo wa ANTEX, na tangu Novemba 2006 thamani zake ni kamili, maana yake hazitegemei tena antena ya kigezo. Majedwali ya zamani yalikuwa ya kulinganisha, na ukichanganya ya zamani na ya sasa katika hesabu moja, mwinuko unaweza kupotoka kwa sentimita kadhaa bila programu kulalamika. Hakikisha pia kwamba faili linakwenda na obiti unazotumia: obiti za IGS za fremu (mfumo rejea wa viwianishi) ya IGS20, zilizoanza Novemba 2022, zinahitaji faili la igs20.atx. Setilaiti nazo zina antena. Obiti inayorushwa na setilaiti yenyewe hurejea kwenye antena yake, ilhali obiti sahihi zinazopakuliwa baadaye hurejea kwenye kitovu cha uzito wake, na kati ya sehemu hizo mbili umbali waweza kuzidi mita moja.

Kisha kuna urefu wa antena, na hapa naomba tuende polepole. Tuseme umepima kwa mshazari kutoka kichwa cha bikoni hadi alama ya ukingoni mwa antena ukapata mita 1.523, na alama hiyo iko milimita 190 kutoka katikati. Urefu wa wima hadi usawa wa alama ni mita 1.511, pungufu kwa milimita 12. Lakini alama hiyo si nukta rejea. Ikiwa imeinuka milimita 35 juu yake, urefu unaotakiwa ni mita 1.476. Programu nyingine hufanya hesabu hii zenyewe ukizieleza kwamba kipimo ni cha mshazari, nyingine hazifanyi. Kosa baya kuliko yote ni kuingiza urefu uliokwisha kuongezwa mwachano wa kitovu, halafu programu ikauongeza tena. Jaribu hesabu hiyo mezani kwa tarakimu za kubuni kabla ya siku ya kazi.

Ikiwa mstari ni mfupi na antena zote mbili ni za aina moja, zikielekezwa kaskazini pamoja, makosa mengi hufutana. Usitegemee bahati hiyo ukijiunga na kituo cha IGS cha Malindi, MAL2, kilicho zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa, ambacho antena yake haiwezi kudhaniwa kuwa sawa na yako. Kwa umbali huo tunalazimika kuchanganya L1 na L2 ili kuondoa athari ya ionosfia (tabaka la juu la anga linalopotosha mawimbi), na mchanganyiko huo hukuza makosa: milimita moja ya L1 huwa takriban milimita mbili na nusu. Unyevu wa hewa ya pwani nao hukadiriwa katika hesabu ileile ya mwinuko, hivyo jedwali lisilo sahihi hujificha ndani ya makadirio ya unyevu, na matokeo yanaonekana safi.

Mshale wa kaskazini wa antena uelekezwe kwa dira. Ukikosea digrii tano hakuna hasara ya maana, kwani mwachano wa pembeni kwa kawaida ni milimita chache. Epuka kusimika karibu na paa za mabati, kwa sababu jedwali halirekebishi mwangwi wa mahali, yaani mawimbi yanayodunda kabla ya kufika kwenye antena. Wakati wa kusi, zika miguu ya kigoda (stendi ya miguu mitatu ya antena) vizuri, upime urefu mwanzoni na mwishoni. Kabla hujaondoka kituoni, piga picha ya chini ya antena inayoonyesha jina na namba yake, na nyingine inayoonyesha futikamba ikiwa imegusa alama uliyoiandika daftarini.